Usiuze Mtamba kwa Ajili ya Donge

BARUA

Daktari, naandika kutoka Kitanga, Kasulu. Mwaka jana niling'olewa gego la mwisho la chini, upande wa kushoto. Kazi ilikuwa ngumu, jino lilitoka vipandevipande. Siku mbili za mwanzo nilikuwa na nafuu. Siku ya tatu yakaanza maumivu ambayo sikuyaona hata kwenye uchungu wa kuzaa, yanapanda mpaka sikioni, silali, na mdomo unanuka. Duka la dawa walinipa amoksilini, nikamaliza dozi, wapi. Niliteseka karibu wiki mbili.

Sasa gego la kulia nalo limetoka nusu, fizi imelifunika, na limeshavimba mara mbili. Hospitali wanasema litolewe. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam anasema huko kuna kliniki wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine, halafu wanaweka donge lake kwenye shimo la jino, na kidonda kinapona upesi. Mume wangu yuko tayari kuuza mtamba wetu ili nipate nauli na gharama. Baba mkwe amekataa katakata. Anasema watu wanaokutoa damu na kuingia nayo chumba kingine anawajua tangu utoto wake, ni mumiani, na mkamwana wake haendi. Ndani ya nyumba hakuna amani. Je, mtamba auzwe? Na hiyo dawa ya damu ni ya kweli?

Mama wa Wanne, Kitanga

JIBU

Mama, pole kwa yote.

Nianze na mtamba, maana ndiye anayesubiri hukumu. Asiuzwe, walau si kwa sababu hiyo. Dawa ya damu ni ya kweli, wala anayeitoa si tapeli, lakini kwa jino lako haifikii bei ya ng'ombe. Kama kuna fedha ya kutumika, itumike kwa picha ya eksirei na kwa mtu mwenye mkono uliozoea kupasua taya. Nitakueleza sababu, kisha nimrudie baba mkwe, ambaye katika barua yako anaonekana mkorofi na mimi simwoni hivyo.

Kilichokupata mwaka jana tunakiita shimo kavu. Jino likitoka, tundu lake hujaa damu, na damu ile huganda. Wengi hulitazama donge hilo kama uchafu. Hulitema, hulisukutua, hulichokoa kwa njiti. Kumbe ndilo dawa. Ndani yake zimo chembe sahani, vipande vidogo sana vinavyoelea kwenye damu ya kila mtu. Milimita moja tu ya ujazo huwa na kati ya 150,000 na 400,000. Mshipa ukipasuka, chembe hizi hukimbilia pale na kushikamana, zikaziba. Kisha humwaga kemikali zinazoita seli za kujenga nyama na mishipa mipya. Sambamba na hayo, damu hufuma nyuzi nyembamba ziitwazo faibrini.

Nyumba ya fito unaijua: hufungwa fito kwanza, ndipo udongo ukandikwe. Nyuzi za faibrini ndizo fito za shimo la jino. Seli hupanda juu yake, nyama mbichi ikajaa katika wiki ya kwanza na ya pili, fizi ikafunga, na mfupa ukafuata polepole kwa miezi. Fito zikiondoka mapema, udongo hauna pa kushika.

Kwako ziliondoka, na usikubali mtu akuambie kwamba lazima ulizembea. Jino likivunjwa vipande, mfupa uliojeruhiwa pamoja na bakteria wa kinywani huchochea vimeng'enya vinavyoyeyusha faibrini, na donge huisha lenyewe siku ya pili au ya tatu. Mfupa unabaki wazi, mate na hewa vinaugusa, ndipo maumivu yanapanda sikioni kama ulivyoandika. Katika ung'oaji wa kawaida hali hii huwapata watu 1 hadi 5 katika kila 100. Kwa gego la mwisho la chini lililotolewa kwa upasuaji huweza kufika hata 30.

Amoksilini ilishindwa kwa sababu tatizo halikuwa jipu. Hapakuwa na usaha wa kuukausha, palikuwa na mfupa mtupu. Ungerudi pale ulipong'olewa, wangeosha shimo kwa maji ya chumvi yaliyotayarishwa, wakaweka kipande cha shashi chenye yujenoli, yale mafuta yanayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mara nyingi maumivu hushuka ndani ya saa hiyohiyo. Haiharakishi kupona, inakuwezesha kulala wakati mwili unajifunika wenyewe. (Usiende sasa ukatwanga karafuu na kuijaza shimoni. Yujenoli ikiwa kali inaunguza fizi, na ungaunga ule unabaki humo ukioza.)

Sasa habari ya shemeji yako. Wazo ni rahisi: kama chembe sahani na faibrini ndizo zinazoponya, basi tuzikusanye kutoka kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, tuziweke nyingi mahali penye kidonda. Andiko lililoitangaza kazi hii kwa wapasuaji wa taya lilitoka Marekani mwaka 1998. Robert Marx na wenzake walieleza wagonjwa 88 waliokatwa kipande cha taya la chini kwa sababu ya uvimbe, kisha wakapandikizwa mfupa. Waliowekewa mfupa uliochanganywa na chembe sahani walipata mfupa uliokomaa upesi na mzito zaidi kuliko wenzao.

Uone ilipoanzia: kwa watu waliopoteza taya. Sisi tunao wagonjwa wa namna hiyo. Madaktari wa hospitali ya Muhimbili wameandika kwa miaka mingi kuhusu ameloblastoma, uvimbe unaotokana na seli zinazotengeneza meno, na wanaoufikisha pale mara nyingi hufika taya limekwisha kuvimba kama embe dodo, kwa kuwa hauumi na safari ni ndefu. Ningeambiwa nigawe mashine moja ya kuzungusha damu, ningeipeleka kwa hao kabla ya kuipeleka kwenye kliniki yoyote ya magego.

Njia ya Marx ilikuwa na usumbufu wake. Damu ilichanganywa na dawa ya kuizuia isigande, ikazungushwa, kisha ikaongezwa dawa nyingine ya kuigandisha tena, na chembe zikimwaga sehemu kubwa ya kemikali zake ndani ya saa ya kwanza. Mwaka 2001 Mfaransa Joseph Choukroun akaja na njia nyepesi. Sheria za kwao zilibana sana uchezeaji wa damu, kwa hiyo yeye hakuongeza kitu. Damu huchukuliwa kwenye kichupa kitupu, inawekwa kwenye mashine mara moja, ndani ya dakika moja au mbili, na kuzungushwa kama dakika 10 au 12. Ikitoka ina matabaka matatu: nyekundu chini, maji ya rangi ya njano juu, na katikati donge la manjano hafifu, laini, lenye kuvutika. Hilo ndilo linalokamuliwa likawa utando au kizibo na kushonewa ndani ya shimo. Kwa kuwa chembe zimenaswa ndani ya nyuzi, kemikali zake hutoka kidogokidogo kwa wiki moja na zaidi. Shemeji yako bila shaka anasema juu ya hili.

Kwa hiyo wanakuwekea nini ambacho mwili wako haungekiweka? Kwa asili, hakuna. Ni fito zilezile, zimefungwa nyingi zaidi na kwa kubanwa, zisiyeyuke upesi. Faida ipo na imepimwa. Kule Ile-Ife, Nigeria, Ogundipe na wenzake walichapisha mwaka 2011 jaribio la wagonjwa 60 waliopasuliwa gego la mwisho la chini. Waliowekewa jeli ya chembe sahani waliumwa kidogo kuliko wengine, ila katika uvimbe na katika kufungua kinywa tofauti haikuwa ya kutosha kusemea lolote. Majaribio mengine ya njia ya Mfaransa, mengi yakiwa madogo, yanaelekea upande huohuo: maumivu ya siku za mwanzo hupungua, na shimo kavu huwapata wachache zaidi. Kuhusu mfupa kujaa upesi kwenye shimo la kawaida, majibu yanapingana. Atakayekuambia "bila maumivu kabisa" anauza.

Wapo ambao ningewapigania wapate donge hilo: mwenye kisukari ambaye vidonda vyake havifungi, anayetumia dawa za kuyeyusha damu na shimo linavuja, anayetumia dawa za mifupa za wagonjwa wa saratani zinazofanya taya life, na anayepandikizwa mfupa. Wewe hukuniandikia lolote kati ya hayo. Una historia ya shimo kavu, nayo ni kweli inaongeza hatari ya kupata jingine, lakini ziko njia za bei ya sabuni za kuipunguza.

Kabla ya njia hizo, baba mkwe.

Usimcheke, na mume wako asimcheke. Hofu ya mumiani haikuanzia Kitanga. Ilitapakaa toka pwani mpaka ndani ya Kongo. Nairobi na Kampala waliogopwa wazimamoto, kwamba gari lao jekundu linabeba damu za watu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kilichotoka mwaka 2000, naye hakuwaita watu wajinga. Na Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na sababu zake. Kuanzia mwaka 1933, kwa ajili ya malale, serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya Waha kutoka kwenye makazi yao ya asili na kuwakusanya sehemu mpya. Vimelea vya malale hutafutwa kwenye damu, kwa hiyo palipokuwa na malale palikuwa na sindano na vioo vya kupimia, vikishikwa na watu ambao kesho yake wangeweza kukuamuru uhame. Huenda mzee hakuwapo, ila babaye alikuwapo. Damu ilichukuliwa, maelezo hayakutolewa, nyumba zikaachwa. Mtu akikuza wanawe kwa simulizi hiyo, chupa ya damu inayoondoka kuelekea chumba kingine haiwezi kuwa jambo dogo kwao.

Tena swali lililo ndani ya hofu yake ni zuri kitabibu. Damu ya nani, inakwenda wapi, inarudi kwa nani? Hatari kubwa ya kazi hii ni hapohapo: vichupa vya wagonjwa wawili vikibadilishana, mtu anashonewa kinywani damu ya mwingine pamoja na homa ya ini au virusi vya UKIMWI vya mwingine. Kliniki inayojiheshimu huandika jina kwenye kichupa mbele yako na kuweka mashine palepale penye kiti. Haina sababu ya kuipeleka mbali, kwa kuwa ikichelewa dakika chache damu huganda kabla ya kuzungushwa na kazi imeharibika. Kiasi chenyewe ni kidogo, vichupa viwili hadi vinne vya mililita 9 au 10, wakati anayejitolea damu kwa ajili ya wagonjwa hutoa kama 450. Mweleze mzee hivyo. Mwambie pia kwamba swali lake nimelipokea na ningeliuliza mimi mwenyewe.

Neno moja kwa yeyote huko wilayani atakayepata wazo la kuijaribu dawa hii ya damu kwa mashine ya maabara. Mashine inafanana, kazi haifanani. Kichupa cha kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu kuganda, hapo hutapata donge hata ukizungusha hadi jioni. Na kasi isiyopimwa inatoa kitu kinachofanana na donge kwa macho lakini chembe zake zimesagika au zimebaki chini na nyekundu. Kazi hii inahitaji mafunzo na vifaa safi vya mtu mmoja mmoja.

Turudi kwenye gego la kulia. Kwanza, je, ni lazima litoke? Uingereza tangu mwaka 2000 mwongozo wao unasema gego la mwisho lisilo na ugonjwa liachwe, hata kama limelala. Lingekuwa halijakusumbua ningekuambia ulipige mswaki uliache. Lakini limevimba mara mbili, na mwongozo huohuo unahesabu uvimbe wa kurudia kuwa sababu ya kulitoa. Hospitali wamekuambia sawa.

Swali la maana ni nani alitoe. Tabibu wa meno aliyeko karibu nawe anaweza kung'oa meno mengi vizuri kabisa, na ndiye aliyebeba mzigo wa meno ya nchi hii vijijini, sisemi vinginevyo. Jino lililolala chini ya fizi ni habari nyingine. Inatakiwa picha ya eksirei ionyeshe mizizi imekaaje na mshipa wa fahamu wa taya umepita wapi, kwa sababu ukiguswa mdomo wa chini unaweza kufa ganzi kwa miezi, kwa wachache moja kwa moja. Inatakiwa fizi ipasuliwe kwa mpango na mfupa uondolewe kidogo kwa mashine inayopozwa na maji. Kazi ikiwa safi na fupi, mfupa haujeruhiki sana, na donge lako mwenyewe linabaki. Kinga kubwa zaidi ya shimo kavu ni hiyo, mama, wala haitoki kwenye kichupa. Basi omba hospitali wakupe rufaa ya Maweni, Kigoma mjini, umwone daktari wa meno na upigwe picha. Wakiona inahitaji bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, watakuambia kama ni hospitali ya Bugando au kwingine. Kama mna bima ya afya, ulizeni kabla ya safari inalipia nini na wapi. Msikubali kuambiwa mkiwa dirishani.

Uende bila malaria. Mkoa wenu ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi nchini, na malaria hushusha chembe sahani. Ukijisikia homa wiki hiyo, pima kwanza, tibu, kisha jino. Mwambie daktari kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa vile vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa shimo kavu. Usiviache kwa uamuzi wako ukarudi na mtoto wa tano. Mwambie tu, apange tarehe. Mwulize juu ya dawa ya kusukutua ya klorheksidini, kabla ya kazi na kuanzia kesho yake. Hiyo ina ushahidi mzuri kuliko vitu vingi vinavyouzwa ghali.

Baada ya jino kutoka, ng'ata shashi nusu saa bila kuitoa kuchungulia. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kitu kwa mrija, pombe usiguse. Mate yameze. Uji uwe vuguvugu. Tumbaku iwe mbali, na ugoro pia. Najua huko wapo akina mama wanaouweka kinywani na watakushauri kwa upendo. Kesho yake anza maji ya chumvi ya uvuguvugu, uyazungushe kwa kichwa badala ya mashavu, uyaache yaanguke yenyewe. Njiti, majani, unga wa mti wowote, hapana.

Na tarehe uichague wewe. Omba iwe Jumatatu, ulale kwa ndugu wa karibu na hospitali hadi Ijumaa. Maumivu ya shimo kavu yakija, huja mara nyingi siku ya tatu, nayo itakuwa Alhamisi, kliniki iko wazi na shashi ya yujenoli ipo kabatini. Ukitolewa Alhamisi, siku ya tatu itakukuta Jumapili nyumbani Kitanga na duka la dawa likikuuzia amoksilini tena.